Maneno Kumi ya Kyalo

Tangu vita vilipopamba moto, serikali ililipia maneno kumi tu kwa kila askari kwa wiki. Mawasiliano mengine yote yalikuwa ya makamanda. Kyalo alipopiga simu nyumbani, mashine iliyojifunza sauti yake ndiyo iliyojaza mazungumzo. Yalipofika maneno kumi yake mwenyewe, taa ya kijani iliwaka kwenye redio ya mezani iliyopokea simu hizo.

Mkewe, Nthenya, hakujali porojo za mashine. Aliikodolea macho taa tu. Jumapili hiyo alikuwa akimenya viazi huku sauti ikiuliza habari za mbuzi na kucheka kile kicheko cha Kyalo. Hatimaye taa ikawaka.

"Niko salama kabisa. Msinihofie. Nisalimie Syokau, mwambie nitarudi hivi karibuni."

Kisu kikamponyoka. Syokau ni mama mzazi wa Nthenya. Kwao mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake, hata akiwa amelewa chakari. Miaka kumi na miwili ya ndoa, Kyalo hakuwahi kulitamka hata mara moja.

Mama akachungulia mlangoni, uso umemchangamka. "Nimeona taa imewaka! Amesemaje mkwe wangu?"

"Anakusalimu, mama."

Taa ikazimika, lakini sauti ikaendelea: "Mbona umenyamaza, mke wangu?"

"Nipo," Nthenya akajibu kwa upole, kama mke anayemjibu mumewe, maana hakujua tena ni nani aliyekuwa akimsikiliza.