Alama ya Jikoni kwa Nettie

Pointi ya mia mbili na kumi na nne ya barabara mpya iliangukia jikoni, kati ya jiko na jokofu. Lorne alisimama mlangoni na fimbo yake ya kupimia, akaikodolea macho tableti akiomba ibadili mawazo. Haikubadili.

"Sasa unangoja nini?" akauliza Nettie, mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na ushee, aproni kiunoni. "Ingia. Viatu acha tu, nitapiga deki."

Lorne alikuwa amezoea kufukuzwa. Katika kupima barabara huku Saskatchewan, Kanada, ameshaachiliwa mbwa, ametukanwa, amemwagiwa maji ya bomba. Ukarimu ndio aliokuwa hana dawa yake.

Nettie akaisukuma meza mwenyewe kumpisha. Kwa kuwa kigingi hakipigwi sakafuni, Lorne alipiga magoti akachora msalaba mwekundu.

"Kwa hiyo barabara inaishia hapa?"

"Hapana, mama. Hii ni alama ya pembeni. Tunaziweka mita tatu nje ya ukingo, tingatinga lisije likazifukia. Ukingo wenyewe uko..." Akanyoosha kidole sebuleni, kwenye kochi na picha za harusi.

"Basi nyumba inakwenda."

"Inakwenda yote."

Nettie aliitazama ile alama. "Na haitahama?"

Swali hilo lilimchoma Lorne. Ramani zilichorwa Regina, makao makuu ya jimbo, na watu wasioijua nyumba wala mwenye nyumba. Yeye kazi yake ilikuwa kuingiza namba na kufuata mshale wa kwenye tableti. "Mimi naweka alama tu, mama," alisema. "Sina la kufanya."

"Najua, mwanangu. Kula kwanza."

Akamkatia pai ya beri. Kisha akapakua bakuli la supu ya bitiruti, akapanda nalo ghorofani kwa mumewe, Orest. Lorne alikuwa amemwona mzee huyo dirishani tangu asubuhi, ameketi tu, hageuki hata mashine zikinguruma. Hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni mtu asiyetaka kuachana na nyumba yake.

Lorne na wenzake walifanya kazi eneo lile wiki tatu. Kila mchana Nettie aliwaita kula, na kila mchana aliuliza lile lile: "Haitahama?" Maboksi yalianza kujaa barazani, sahani zimefungwa kwa magazeti, vitu vya maisha mazima. Lorne akaacha kula pai.

"Unakonda kwa nyumba ya watu," Kelsey, mpiga vigingi wake, alimtania garini. "Si uhamie kabisa, akufulie na nguo?"

"Kaniuliza tena leo."

"Na wewe umjibu nini? Kwani wewe ndiye waziri?"

Hakuwa waziri. Lakini mstari ule wa barabara ulikuwa bado wa majaribio, haujasainiwa, na upande wa kaskazini kulikuwa na shamba la kanola, zao la mafuta, ambalo mwenyewe alishakubali kuuza. Lorne akamwandikia mhandisi mkuu. Kimya. Akaandika tena, akajibiwa kwa ufupi kwamba apime na asifikiri.

Jumapili alijifungia nyumbani, akafungua programu ya ramani, akaichora upya mwenyewe kona ya barabara inayopita kwa Nettie. Aliisogeza kidogo kidogo mpaka ikaikwepa nyumba. Akapiga hesabu ya udongo wa kuchimba na wa kujazia, akaona unapungua. Akaituma kwa mhandisi, akabaki kungoja.

Ile wiki ilimtesa. Kila asubuhi alifungua barua pepe, asikute kitu. Mchana alikula mkate garini, kwa aibu ya kukutana na yule bibi mikono mitupu. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, na hakuwa na uwezo hata wa kusogeza kigingi kimoja!

Alhamisi jibu likaja. Pendekezo limekubaliwa, limesainiwa, na mstari haubadilishwi tena.

Lorne aliikimbilia fimbo yake kama kijana. Pointi mpya ikaangukia nje kabisa, nyasini, nyuma ya uzio. Akakipiga kigingi kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie Kelsey, ndipo akaenda kugonga mlango.

"Imehama!" alisema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Mama, imehama! Nyumba inabaki. Nimepigana nao mwenyewe. Wameshasaini, hakuna wa kuigusa tena."

Nettie alipapasa kiti, akaketi. Lorne akajua ni furaha. Akachutama mbele yake na kumpa leso.

"Hakuna wa kuigusa," Nettie alirudia polepole.

"Hata waziri."

Bibi alikunja leso mara mbili, akairudisha bila kuitumia.

"Mwaka wa sita huu Orest hajatoka chumbani kwa marehemu binti yetu," alisema. "Nimembembeleza, padri kambembeleza, daktari kaja kashindwa. Mwanangu, nilikuwa nimebakiwa na hiyo barabara tu ya kumtoa humo."