Mshumaa wa Kobe

Kobe alibofya mlango wa maktaba, akaingia, kisha akatulia dakika nzima.

"Amesinzia juu ya kipanya," alisema bosi.

Walikuwa watatu wamejibana mbele ya skrini moja: bosi, fundi wa programu, na Mama Pacha, aliyeutunga mchezo. Mchezaji mwenyewe hawakumjua. Alijiandikisha kwa jina la Kobe, akakubali wamtazame anavyolijaribu toleo jipya. Asichokijua ni kwamba mchana huu mchezo mzima ulikuwa umening'inia shingoni mwake.

Ulikuwa mchezo wa mambo ya kale: nyumba ya watawa yenye kuta za mawe, na mtawa mmoja, mnakili wa vitabu, amekutwa amekufa juu ya meza yake, wino ungali mbichi. Unabofya kitu, unasoma, unabofya kingine, hadi umjue muuaji. Mama Pacha aliutunga wakati ananyonyesha, mtoto mmoja begani, mwingine ziwani, kwa kidole kimoja kilichobaki huru. Ndiyo maana ulikuwa mchezo wa kidole kimoja, na ulikubali kusubiri.

Wachezaji walisifu picha. Walimsifu hata paka wa jikoni. Lakini kusubiri kuliwachosha, na hawakumumunya maneno. "Nimeota mvi pale langoni," aliandika mmoja. Mwingine: "Muuaji atakufa kwa uzee kabla sijamkamata."

Bosi aliyasoma yote, akaja na dawa yake: mshumaa. Uwashwe maktabani, uungue dakika kumi. Ukiisha, muuaji anakufuata gizani, na habari yako imekwisha.

"Haraka haraka haina baraka, sikatai," alisema asubuhi ile. "Lakini polepole nayo haina wateja."

"Kuna watu wanaohitaji kusubiriwa, bosi," alijibu Mama Pacha.

"Nitajie mmoja."

"Kobe."

Fundi alifungua kumbukumbu za Kobe. Siku arobaini, hajakosa hata moja. Mbofyo mmoja kwa dakika. Siku nyingine mmoja kwa dakika mbili.

"Huyo ni roboti," bosi alisema. "Kuna mtu kamweka hapo atuvurugie takwimu."

"Na akiwa mtu?"

"Akiwa mtu, na ana sababu, mshumaa nautupa mwenyewe. Nionyeshe kabla ya saa kumi. La sivyo, saa kumi unakwenda kwa wachezaji wote."

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na mshumaa wa Kobe ulikuwa unaungua.

Dakika ya pili alibofya meza. Ya tatu, kidau cha wino. Ya nne, ya tano, kimya. Ya sita, rafu. Nta ilikuwa inachuruzika kwenye kinara. Mama Pacha alijikuta anauma ukucha.

"Toka humo, mwanangu," alinong'ona, kama anavyowanong'oneza pacha wake wakipanda ukingo wa kochi.

Dakika ya nane, dirisha. Ya tisa, kimya. Mwali ukabaki kama punje ya mchele.

Ndipo Kobe akaubofya mshumaa wenyewe.

Ukazimika. Moshi mwembamba ukapanda, maktaba ikabaki na mwanga wa mwezi tu. Wakamsubiri muuaji. Dakika ikapita. Mbili. Tatu.

"Mbona haji?" aliuliza bosi.

Fundi alijikuna kichwa. "Saa ya kumleta muuaji niliifunga kwenye moto. Moto ukizimwa, hakuna cha kuisha." Akamgeukia Mama Pacha. "Na kila kilichochorwa chumbani kinabofyeka. Si ndiyo sheria yako?"

Watu mia mbili walikuwa wamelijaribu toleo lile tangu asubuhi. Wote walikimbizana na mshumaa. Hakuna aliyefikiria kuuzima.

Mama Pacha aliachia pumzi, lakini bosi alikuwa anatikisa kichwa.

"Mtu angekuwa na papara. Sasa ndiyo nimeamini ni roboti. Mpigieni."

Saa kumi kasorobo. Fundi alipiga simu ya video kwa namba iliyoandikishwa. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena na tena. Kila mara ikakatika. Kwenye skrini Kobe alibofya rafu ya chini, kitabu kikasogea, nyuma yake ukaonekana mlango mdogo ambao wachezaji wengi hawakuwahi kuuona.

"Dakika nne," bosi alisema, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kuutuma mshumaa.

Simu ikapokewa. Mwanamke, kitambaa begani, mikono ina povu la sabuni.

"Wewe ndiye Kobe?" aliuliza bosi.

"Mimi ni dada yake. Nyinyi ndio mliotuletea mshumaa?"

"Ndiyo. Kobe yuko?"

"Aende wapi? Yuko, anacheza."

"Mwambie aache kidogo, aje hapa."

"Aache sasa hivi? Kabakiza mlango mmoja. Siku arobaini, kaka, naishi na habari za marehemu huyo. Hata mimi nataka kujua nani kamuua."

"Dada, samahani," Mama Pacha aliingilia. "Tunaomba kumwona tu. Tafadhali."

Mwanamke alimtazama, kisha akafuta mikono kwenye kitambaa.

"Haya. Ila msimharakishe mdogo wangu."

Simu ikatembea. Wakaona dari, kisha mto, kisha uso wa mwanamume aliyelala chali, bomba jembamba kooni, mikono yake imepangwa na mtu mwingine juu ya shuka. Juu ya uso ilining'inia skrini, na kamera ndogo iliyoelekezwa kwenye jicho lake la kushoto.

Kope likashuka, likainuka. Kwenye skrini mbele ya bosi, mlango wa mwisho ukafunguka.