Taa Chini ya Kanga

Haya nimeyapata juzi kwa Mwanakheri, tukichambua mchele wa hitima.

Jenereta ya zahanati ilitaka dizeli, na mzazi yumo ndani analia kwa uchungu. Aliyeleta dizeli ni mzee Shaweji, baba mkwe wa Rukia, fundi wa jenereta hiyo. Rukia akaitia kidogo katika kisanduku chake kinachopima jinsi mwanga unavyopenya mafuta. Ikawaka taa nyekundu: dizeli imechanganywa.

“Mkwe, kidude chako kinaniita mwizi?”

“Huenda jua limeingia, baba.” Akavua kanga ya kichwani, mbele ya mkwewe, akakifunika. “Haya, chungulia mwenyewe.”

Mzee akainua pindo; taa bado nyekundu. Akalishusha polepole.

“Usiitie, mwanangu. Itaua mashine.”

Rukia akatoka mbio, kichwa wazi, kutafuta dizeli nyingine. Aliporudi nayo, mzazi keshajifungua, yeye na kichanga wamelala. Mzee naye kajilaza kwenye benchi kando ya kisanduku, kalala, taa chini ya kanga ikimng'alia wekundu usoni.