Mchanga Chini ya Kapeti

Nassra aliinua kapeti la miguuni pa dereva, akakuta mchanga mweupe, laini kama unga.

Gari ilikuwa kuukuu lakini ya kifahari, na viti vyake vya ngozi vilikuwa bado vinang'ara. Aliitaka ya kuendea kazini kila siku, kutoka Mangapwani mpaka mjini. Akiba yake yote ilikuwa mkobani.

"Gari ya mkubwa hii, Bi Nassra," alisema muuzaji. "Haijui hata dimbwi."

Nassra alichovya kidole mchangani, akakitia ulimini. Ulikuwa na chumvi, chumvi ya bahari hasa.

"Imewahi kuzama?"

"Kuzama! Wallahi nakwambia..."

"Usiape, kaka'angu," alimkatiza, akamtilia mchanga kidogo kiganjani. "Onja kwanza."