Palahala wa Sikitu

Sikitu ndiye aliyemlea ndama yule wa palahala, swala mkubwa wa porini, kwa chupa ya maziwa, mama yake alipokufa. Sasa alikuwa dume jeusi lenye pembe ndefu, na mgeni mwenye bunduki alikuwa amemchagua ili amwinde.

"Mwite," tajiri mwenye shamba la wanyamapori alimwambia Sikitu. "Kwako huja."

"Bosi, nakuomba, chagueni mwingine."

"Mgeni anangoja."

Sikitu alisimama kando ya uzio, akiomba moyoni mnyama abaki kichakani. Lakini palahala alikwisha kumwona. Alitoka taratibu, akaja kuingiza pua yake kiganjani mwake.

"Rudi," Sikitu alimnong'oneza, akimsukuma kwa mikono miwili.

Palahala alidhani wanacheza kama zamani, naye akamsukuma kwa paji la uso, polepole, asimuumize.