Kigoda cha Asiyeulizwa

Mwalimu Kakakuona aliwafundisha wana wa wanyama kazi ya utafiti kwa visa alivyovitunga mwenyewe. Mumewe alikuwa amepotea siku nyingi, naye alikuwa amemwachia Mungu. Kila alipoanza kisa, aliweka mbele ya darasa kigoda kitupu, cha yule ambaye mtafiti hakumuuliza.

Siku moja akaja Kicheche, mtafiti mwenye majivuno, kuwachukua wanafunzi wakanywe maji ya chemchemi mpya. Wanafunzi wakashika vibuyu vyao.

"Umehakikisha ni salama?" Kakakuona akauliza.

"Salama kabisa, bibi yangu! Nilikaa njiani nikawauliza wote waliotoka huko. Hakuna aliyelalamika."

"Na wale wasiorudi?"

Kicheche akacheka. "Wasiorudi nitawauliza vipi? Hebu nipumzishe miguu." Akakikalia kigoda.

Mara akaruka. "Nani kamwaga maji hapa? Yana baridi ya kaburini!"

Hakuna aliyemwaga. Ndipo sauti ikatoka kigodani, polepole: "Mimi nilikunywa, sikurudi. Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

Vibuyu vikaanguka. Kakakuona aliitambua sauti ile.

"Mume wangu," akanong'ona, "Mungu akulaze pema."

Kicheche akatoka mbio, akatangaza kila njia panda kwamba hakuwauliza wote, na kwamba maji yale yasinywewe.

Kakakuona anafundisha hadi leo. Kila asubuhi, baada ya sala, hukifuta kigoda kitupu kwa kitambaa kikavu, na kila asubuhi kitambaa hulowa.