Saa Nane, Nyuma ya Pazia

Jioni moja Mwongeli alichomoka nyuma ya pazia la kitanda, ndoo mkononi, akampita Idrisa bila hata salamu.

"Alikuwa anakuambia nini?" Idrisa alimuuliza mamake.

"Ni mambo yetu," Bi Rukia akajibu, akafumba macho.

Jibu hilo lilimchoma. Mwongeli alikuwa mfanyakazi wa usafi katika wodi ya saratani, mama kutoka Matuu, shemasi kanisani kwake. Hakuna siku aliyopiga deki bila wimbo wa injili. Na mamake, aliyeswali zaidi ya miaka hamsini, sasa alikuwa akitayamamu kitandani, udhu wa bila maji, kwa mikono inayotetemeka. Mtu dhaifu hivyo, Idrisa aliwaza, hushawishiwa kwa urahisi.

Mama Nzomo, mgonjwa wa kitanda jirani, alimwita kwa kidole.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Lakini kila siku saa nane anavuta hilo pazia. Wananong'ona. Mungu anatajwa, hiyo nimesikia. Na jana mama yako alilia."

Idrisa alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Ruiru. Hospitalini Thika alifika jioni tu, saa ya kuona wagonjwa, na kengele ikilia alifukuzwa kama wengine. Kutwa nzima mamake alibaki na watu asiowajua.

Alienda moja kwa moja kwa matroni Wavinya.

"Huyo mama anambatiza mzazi wangu kimyakimya."

"Umemsikia?"

"Bado."

"Basi msikie kwanza. Ikiwa ni kweli, kesho hana kazi hapa. Nakuahidi."

Alhamisi Idrisa aliomba ruhusa kazini. Saa nane kamili alikuwa wodini, simu imeanza kurekodi. Pazia lilikuwa limefungwa. Alinyata hadi karibu, maneno ya kumwaibisha Mwongeli yakiwa yamejaa mdomoni.

Sauti ya Mwongeli ilikuwa ya chini, ya kusitasita, kama ya mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"La ilaha... ila... Pole, mama. Imenipotea tena."

"Illallah," Bi Rukia alimrekebisha, akihema. "Rudia, mwanangu. Saa yangu ikifika Idrisa akiwa kazini, ni wewe utanisomea shahada sikioni."